Mwaka Nilioosha Chaza kwa Ndimu

Siku tuliyomzika Mama Neema nilivaa viatu vyeupe, na mtu yeyote anayeijua Namuwongo, mtaa wetu wa bondeni, wakati wa mvua atakuambia hiyo ni akili ya namna gani. Nilijua, na nilivivaa hivyo hivyo. Marehemu alikuwa akinitania kwa usafi wangu tangu nina miaka kumi na tisa, na kama ananiona nilitaka apate la kucheka. Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake, chumba kile kile karibu na reli, tukakaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi, tukala ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwao, na wanawake wa kanisa lake wakaimba nyimbo ambazo mpaka leo siyajui maneno yake yote. Neema, bintiye, ambaye siku hizi ana duka la vitenge Kamwokya na ameanza kuota mvi, alikuja kukaa karibu nami na sahani yake. Aliniambia jambo moja pale, kwa sauti ya kawaida, huku akimega ugali. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike sura hii, nami nitalifikia, lakini halitaeleweka mpaka nieleze mwaka ule.

Habari za wazazi wangu na za kambi ya polisi nilikokulia nitaziruka, isipokuwa mambo mawili: kambini nilijifunza Kiswahili, na kambini niliaminishwa kwamba kitu kisichong'aa hakijasafishwa. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa alama ambazo hazikutosha kunipeleka chuo kikuu na wala hazikuwa mbaya kiasi cha kunikatisha tamaa, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Mama Neema alikuwa amekimbia vita huko Bukavu akiwa na mtoto mmoja mgongoni. Alipanga ua Namuwongo uliokuwa wa mzee mmoja muuza magamba, akaendelea na biashara ile ile ya mzee baada ya kufa kwake. Hakujua Kiganda. Alitaka msichana wa kusema naye Kiswahili na kusema na wateja Kiganda, na mimi ndiye niliyetokea. Siku ya kwanza aliitazama sketi yangu iliyopigwa pasi, akauliza, "Wewe njo utachagula masonko? Na hii nguo?" Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka akashika mlango.

Masonko ndilo jina la magamba ya ziwani katika biashara ile. Mji huu unapenda mayai, na kuku wa mayai asipokula magamba yaliyosagwa hutaga mayai laini yanayopasuka mkononi. Kwa hiyo magunia yalitoka ziwani, tukayamwaga, tukayaanika, tukayachambua, kisha yakaingia kwenye kinu na kutoka unga mweupe ulioingia puani, kwenye nywele na kwenye chai. Mengi yalikuwa ya konokono na kome wadogo. Lakini walikuwamo pia chaza. Ndiyo, Nalubaale, ziwa letu hili kubwa, lina chaza wake wa maji baridi, anayejibandika kwenye mwamba akiwa mdogo na hahami tena mpaka afe. Gamba lake ni nene, limepinda ovyo ovyo, na ndani lina mng'ao wa kijani. Kinu hakikumpenda kabisa. Chaza mmoja alitosha kuvunja nyundo ya kinu na kutusimamisha kazi siku nzima, na hivyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwatoa mmoja mmoja kwa mkono na kuwatupa uani.

Hapo uani walikanyagwa. Mzee wa kwanza alikuwa amefanya hivyo miaka na miaka, na Mama Neema naye akafuata. Namuwongo iko bondeni, mfereji mkubwa wa mji unapita pale na uchafu wetu wote kuelekea ziwani, na mvua ikikaza mfereji hautoshi. Kila msimu wa mvua ua ule uliongezewa magamba ya chaza, ukapanda kidogo, mpaka ukawa juu ya nyua za majirani. Wenzetu walipokuwa wakichota maji vyumbani kwa mabeseni, sisi tulikuwa tukinywa chai ya tangawizi miguu mikavu, tukisikia mlio wa chaza chini ya kila anayeingia. Mama Neema alijivunia jambo lile kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho. "Kule kwetu nilikuwa na nyumba ya matofali," aliniambia siku moja tukichambua. "Hapa niko na fasi kavu. Inatosha." Fasi kwao ni mahali.

Jambo la ndimu lilianza kwa wateja. Wauza chakula cha kuku wa Kawempe walikuwa wameshadanganywa mara nyingi kwa mchanga uliochanganywa na unga wa magamba, na kila mmoja alikuja na ndimu mfukoni. Alichota unga kiganjani, akaukamulia ndimu, akainamisha kichwa kutazama. Ukitoa povu, ni gamba la kweli. Ukikaa kimya, ni mchanga, na hapo matusi yalianza. Niliona povu lile mara nyingi kwa siku. Kwangu mimi mtoto wa kambini, povu lilikuwa na maana moja tu duniani: uchafu unatoka. Sikumuuliza mtu, nilikuwa na uhakika.

Bwana Ssali alikuja mwezi wa pili wa kazi yangu, saa ya chakula, kijana mwembamba wa chuo kikuu mwenye kandambili na mkoba uliojaa karatasi. Mama Neema hakumwuliza anataka nini kabla ya kumpa sahani. Alikula ugali wetu na samaki wadogo, akashukuru, kisha akainuka na kwenda moja kwa moja kwenye kona ya ua ambapo mzee wa zamani alikuwa amepanga chaza wakubwa kando ya ukuta, thelathini na saba, kila mmoja mkubwa kama sahani tuliyokuwa tukilia.

"Mama, hii kubwa irikuja lini?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, r na l zikibadilishana viti.

"Iko ya muzee wa mbele yangu. Miye sikuigusa."

"Usitupe, tafadhari. Nataka kuisoma."

"Kuisoma?" Mama Neema alinigeukia. "Akello, huyu anasema masonko iko kitabu."

Alitoa kioo cha kukuzia na kutuonyesha. Kando ya gamba palikuwa na mistari, mmoja nyuma ya mwingine, mahali chaza alipokua na mahali alipokwama. Mstari mpana, alisema, ni wakati maji yalikuwa safi na chakula tele; uliobanana ni wakati wa shida; na matope yaliyonaswa katikati yanaeleza ni shida gani. Chaza mchanga anahitaji jiwe safi la kukalia. Matope yakifunika mawe, hana pa kukaa. Alikuwa akitafuta chaza wa zamani, wa kabla ya mafunjo kukatwa na vilima kuvuliwa miti, ili awalinganishe na wa sasa na kujua ziwa letu lilikuwaje na limebadilika lini. Kila mahali alipokwenda wale wa zamani walikuwa wameshasagwa na kuliwa na kuku. Mimi nilikuwa nimeshika kioo kile na sikutaka kukirudisha. Aliliona hilo, nadhani, maana aliniita kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, nichungie hizi thelathini na saba. Nikimariza kazi yangu vizuri, nitakuombea nafasi ya maabara kwetu. Mimi pia nirianza hivyo, kuosha chupa." Kisha akaenda visiwani kwa wiki mbili.

Naandika haya nikiwa na umri wa kuwa mama yake msichana yule, na bado masikio yanapata moto. Nilitaka akirudi akute kazi ya mtu anayefaa maabara. Nilinunua ndimu sokoni, kapu zima, nikazikamulia kwenye beseni, nikawaloweka wale chaza watano watano. Povu lilipanda mpaka ukingoni. Nilifurahi! Nikawasugua kwa brashi ya waya na majivu, nikawasuuza, nikawaloweka tena. Siku nne. Mama Neema alipita akasema, "Mtoto yangu, utakwangula mpaka ufike kwa Mungu," na nilichukulia kuwa ni sifa. Siku ya Bwana Ssali kurudi, nilikuwa nimewapanga kwenye meza, juu ya kitenge, weupe, laini, hawana hata doa.

Aliinua mmoja. Akamgeuza mkononi, akatoa kioo, akatazama ukingo. Akainua wa pili. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

"Uriosha na nini?"

"Ndimu."

Aliketi juu ya gunia. "Ire povu, nyabo," alisema polepole, "irikuwa ni gamba lenyewe linaondoka."

Wakati ule hakuwa na mashine ya kukata magamba. Alisoma kwa macho, na nilichokifuta ndicho alichokuwa asome. Nilikimbilia stoo, nyuma ya mabati, nikajibanza katikati ya magunia. Mabati yale yalikuwa na matundu ya misumari na kila neno lilipita.

"Yule sitaweza kumuombea tena, Mama," nilimsikia akisema. "Na hata mimi sijui kama nitamariza. Mwalimu wangu ameniambia mvua hii ikiisha bila kitu, anafunga kazi."

"Alikosa juu ya kusafisha," Mama Neema alijibu. "Mutu mwenye kukosa juu ya kusafisha hatupwe."

"Najua, lakini ya zamani imekwisha."

"Ngoja. Unatafuta ya zamani, yenye hakuna mutu aliiosha?"

"Ndiyo."

"Na fasi yenye umekanyaga ni nini?"

Kisha nikasikia mlio wa kandambili yake ikisogea juu ya chaza, mara moja, mara mbili, na gamba likivunjika.

"Mama, hii ndiyo inazuia maji kuingia kwako. Na mvua imeshaanza."

"Mvua ni yangu. Wewe chimba. Lakini achimbe Akello, na asioshe kitu."

Nimesikia maneno mengi mazuri maishani, mengine nikiambiwa usoni kwenye sherehe zenye maua na maikrofoni. Hakuna niliyoyahifadhi kama yale yasiyoambiwa mimi, yaliyopita kwenye tundu la msumari. Nilitoka stoo nikiwa na unga mweupe usoni na njia mbili za machozi, na Mama Neema aliponiona alisema tu kwamba ugali unapoa.

Tulichimba wiki tatu, kutoka mlangoni kwake kwenda getini, na kila tabaka tukalitia kwenye magunia yake. Juu kabisa kulikuwa na chaza wa mwaka ule, wachache, wadogo kama kiganja cha mtoto, wembamba, mistari imebanana na matope meusi yamejaa kila mkunjo. Chini kidogo walikuwa wakubwa zaidi. Chini tena wakubwa zaidi, na matope yakawa machache, mpaka tukafika pale mzee alipoanzia biashara, chaza wazito wa kushikwa kwa mikono miwili, wenye mistari mipana na mchanga safi. Bwana Ssali alipiga magoti kwenye lile tope akacheka peke yake. Mzee yule hakujua kusoma, majirani walisema, lakini alikuwa ametandika ziwa zima mlangoni pake, mwaka juu ya mwaka, akidhani anakwepa maji tu. Nilijifunza kuandika kadi: mahali, tabaka, tarehe ya kuchimbwa, na mstari wa mwisho, mkusanyaji. Hapo Bwana Ssali aliniambia niandike jina langu, kwa kuwa aliyeliinua gamba kwa mkono ndiye mkusanyaji. Niliandika Akello kwa mwandiko wangu bora, kadi baada ya kadi, na nilianza kuamini tena kwamba nina pa kwenda.

Na mvua ilinyesha. Ua wetu ulikuwa sasa na handaki lililojaa maji ya mfereji, nami nilikuwa na wasiwasi wa kila asubuhi nikifika saa mbili. Lakini kila asubuhi nilikuta chumba kimefagiwa, chai iko jikoni, Mama Neema amevaa kitenge kikavu. "Maji haikuingia, Mama?" niliuliza. "Maji gani?" alijibu. "Wewe unaona maji?" Sikuona. Niliona tu godoro limeanikwa juu ya ukuta, leo, kesho, na kesho kutwa. Mama Neema alisema mtoto ameanza kukojoa kitandani, ni baridi ya kibofu, itapita. Neema alikuwa na miaka minane. Mimi, na usafi wangu, nilimtania bila huruma. "Neema, leo tena umevuka ziwa?" nilimwambia kila siku, na mtoto yule alimtazama mama yake, akauma andazi lake, akanyamaza. Wiki ya tatu Mama aliniomba nipake chokaa ukutani, sehemu ya chini tu, kwa sababu palikuwa na alama chafu. Nilipaka kwa furaha kubwa, mstari umenyooka.

Kazi ya Bwana Ssali ilikubaliwa. Yeye alitimiza ahadi yake, nikaanza maabara kwao chuoni kwa kuosha chupa, na wote walikubaliana kwamba hilo naliweza. Baadaye nilisoma jioni, nikapata cheti, kisha kingine, na leo mimi ndiye mtunza makabati ya magamba, mama mwenye funguo ambaye wanafunzi humwogopa kwa sababu ya vidole vyao vichafu. Chaza wa Namuwongo wapo kwenye kabati la tatu. Watafiti vijana wana mashine za kukata gamba na kusoma ndani yake mambo ambayo Bwana Ssali, Mungu amrehemu, hakuyaota, na wakitaka kujua ghuba yetu ilikuwaje kabla haijawa kijani, huja kwangu kuomba funguo. Mara moja kwa mwaka hunichukua kwenye boti. Kwenye miamba ya karibu na mji sijaona chaza hai kwa muda mrefu. Unapapasa jiwe na mkono unaingia kwenye tope laini. Lakini nje, upande wa visiwa, mawe yanapopigwa na mawimbi, bado wapo wachache. Mwaka jana nilimgusa mmoja, mdogo, amejibandika vizuri. Nilimwambia akae hapo hapo, na kijana wa boti akajifanya hakusikia.

Nilimtembelea Mama Neema kila Krismasi na mara nyingine bila sababu. Hakurudi Bukavu. Ua uliwekwa saruji na mwenye ardhi zamani sana. Kila mara nilimshukuru kwa mwaka ule, na kila mara alipunga mkono kama anayefukuza inzi. Nilidhani najua ninachomshukuru.

Sasa nirudi kwenye sahani ya Neema. Alimega ugali, akauchovya kwenye sombe, akaniita kama wanavyomwita dada mkubwa kwao, "Yaya Akello, miye sikukojoa kitanda hata siku moja."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni utani wa zamani. Yeye hakucheka.

"Ile mvua ya kuchimba, maji iliingia. Siku ingine mpaka hapa." Aliweka kiganja kwenye mguu wa kiti chake. "Mama alinilaza juu ya meza. Yeye alikaa pa kiti, miguu ndani ya maji. Asubui alichota yote, akafagia, mbele wewe ufike."

"Wiki zote tatu?"

"Mpaka mulifunika lile shimo."

"Kwa nini hakuniambia, Neema?"

"Alisema, akijua ataacha kuchimba." Alitafuna, akameza. "Aliniambia nikubali ile maneno ya kukojoa. Alinipa andazi kila siku juu ya ninyamaze. Nilinyamaza. Lakini sasa amekwenda, na andazi ilikwisha zamani."

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba kwa ajili ya godoro, kwa ajili ya utani, kwa ajili ya ile chokaa niliyopaka nikijisifu, na alinishika mkono kwa mkono wake wenye mafuta ya sombe na kuniambia nile. Wanawake wa kanisa walianza wimbo mwingine. Nilitazama miguu ya meza ya mama yake, ile ile ya mbao, na nikaona kwamba chini, mpaka kama nusu ya njia ya kufika gotini, rangi yake ni nyeusi zaidi. Miaka yote nilikuwa nikiweka kikombe changu juu yake.

Jumatatu nilifungua kabati la tatu kabla wengine hawajafika. Kadi ni tisini na mbili, na kwenye kila moja, mstari wa mwisho, mwandiko wa msichana wa miaka kumi na tisa unasema: Mkusanyaji, Akello. Kanuni ya kwetu ni kwamba kadi ya zamani haifutwi. Unapiga mstari mmoja, unaandika juu yake, neno la kwanza libaki linasomeka. Nilipiga mstari kwenye jina langu. Kisha nikatoa karatasi niliyonakilia jina lililokuwa kwenye msalaba wa kaburi lake, kwa sababu kwa maisha yangu yote nilimwita kwa jina la mtoto wake na sikuwahi kulijua lake. Niliandika Nabintu Zawadi, mara tisini na mbili. Kwenye kadi ya mwisho niliugusa wino kabla haujakauka, ukachafua pembeni, doa kubwa la kidole. Nilikuwa na karatasi ya kukaushia pale pale karibu. Nikairudisha kadi kwenye droo na doa lake.